Sista Usichungulie

Wagonjwa ndio waliompa wifi yangu jina la Usichungulie. Hakulipenda wala hakulikataa. Kukataa jina ni kazi, naye kazi alikuwa nazo za kutosha. Ukifika kwenye chumba cha kufungia vidonda, kule mwisho wa korido, ukauliza walioketi kwenye benchi leo yupo nani, watakujibu, "Yupo Usichungulie," na hapo wote mnajua kwamba leo mtafokewa kidogo, ila vidonda vitafungwa vikafungika.

Mimi ni mdogo wa mume wake. Nakaa chumba cha uani katika nyumba yao, mimi na cherehani yangu, kwa hiyo haya ninayoyasema sikuyaokota kwa jirani. Watu hupenda kusema kwamba mawifi hatuivi chungu kimoja. Sisi wawili tuliiva, ila kwa moto mdogo na kwa muda mrefu, na mpaka leo kuna sehemu hazijalainika.

Siku moja sindano ya cherehani ilinipita kwenye ukucha, nikaenda kwake kama mgonjwa mwingine yeyote, nikamwona kazini. Chumba chenyewe ni kidogo. Kuna kitanda kilichofunikwa plastiki nyeusi iliyopasuka pembeni ikabandikwa plasta, toroli la chuma lenye gurudumu moja linalolia, sinki, na kiti kimoja cha mgonjwa. Cha muuguzi hakipo. Juu ya toroli kuna dramu la shashi, kile kitambaa cheupe chepesi chenye matundu, kilichokatwa na kukunjwa na kupitishwa kwenye mvuke hadi kisiwe na kijidudu hata kimoja. Mimi fundi cherehani nilikitazama kwa dharau. Hakifai hata kuwa bitana ya mfuko. Uzi na uzi vimeachana, kama vile waliokifuma walikuwa na haraka ya kurudi nyumbani.

Mbele yangu alikuwepo mama aliyempakata mtoto aliyepasuka kwenye paji la uso. Wifi alisafisha, akakunja shashi, akaibandika, kisha akaushika mkono wa yule mama na kuukandamiza juu yake.

"Bonyeza hapo. Usiachie, na usichungulie."

Yule mama akabonyeza. Wifi akageuka kuchukua mkasi, na papo hapo mama akainua ncha ya shashi aone. Damu ikatiririka upya mpaka kwenye nyusi za mtoto.

"Mama," wifi akasema bila kupandisha sauti, kama mtu aliyekuwa akilisema neno lile lile tangu asubuhi, "hii damu ilikuwa imeshaanza kuganda. Imeshikana na nyuzi, inajiziba yenyewe. Sasa wewe umeivuta. Tunaanza moja."

"Nilitaka kuona kama imekata, sista."

"Ukiwa unataka kuona, haikati. Ikilowa, unaongeza nyingine juu. Ya chini huigusi. Bonyeza."

Ukiitazama vizuri, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake yote: kubonyeza, kungoja, na kuwazuia watu wasifunue. Waliletwa waliokatwa na chupa, na bati, na meno ya mbwa, wengine wakiwa wameshajijazia kwenye kidonda kila kilichokuwa karibu, majivu, majani ya chai, unga. Kijana mmoja alikuja goti lake likiwa limepakwa dawa ya meno. Wifi akamwuliza kama goti lake lina meno, watu wa kwenye benchi wakacheka, yeye hakucheka. Alichukua maji na kuanza kuosha.

Mwenzake waliyekuwa wakipokezana alihamishwa, na wa kuziba pengo hakuja. Wifi akabaki na chumba peke yake, anasimama kutwa, ameinama juu ya magoti na viganja vya watu, mpaka kiuno kikakataa kunyooka. Jioni akiingia nyumbani alivua viatu kwa miguu, kimoja kikimsukuma mwenzake, na vilibaki pale mlangoni vimegeuziana visigino kama watu waliogombana. Alikaa kwenye kochi akiwa bado na gwanda la kazi. Ukimwuliza habari za kazi, anasema, "Kazi." Ukimwuliza kama ameshakula, anafikiri kwanza. Hakuwa mlalamishi. Angelalamika tungepumua, maana kile kimya chake kilikuwa kizito, na nyumba nzima tulikuwa tukikibeba pamoja naye.

Kilichokuwa kinammaliza si kile chumba peke yake. Alikuwa pia na kaka yangu wa kumwangalia.

Kaka ni seremala. Nasema ni, sisemi alikuwa, ingawa kwa muda mrefu mkewe alitaka tuseme alikuwa. Moyo wake uliharibika kilango kimoja cha kupitishia damu, wakamfungua kifua, wakamwekea kilango cha kutengenezwa. Kinafanya kazi vizuri mno. Kinagonga tik, tik, tik, na chumba kikiwa kimya unakisikia kama saa ya ukutani, hadi watoto wa jirani hufika kumwomba awasikilizishe. Lakini mwenye kilango cha namna ile lazima anywe dawa ya kuzuia damu isigande, kila siku, maisha yake yote. Bila dawa, damu itaganda kwenye kilango na kumwua. Akiwa na dawa, mchubuko ambao mimi na wewe tungeulamba tukaendelea na shughuli, yeye unamtoa damu hadi uchoke kuipangusa.

Daktari alimwambia aepuke vitu vyenye makali. Alisema aepuke. Wifi alisikia akome.

Siku ile ile kaka aliporudi kutoka wodini, wifi aliifunga karakana, kile kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyumba. Ndani alifungia kila kitu: randa, misumeno, patasi, jiriwa ya kubania mbao, na kinoo, lile jiwe la kunolea alilokuwa nalo kaka tangu alipokuwa anajifunza kazi. Akapiga kufuli, na ufunguo akautia kwenye mfuko wa kulia wa gwanda, pamoja na mkasi wake na plasta. Kaka alikuwa amekaa kizingitini, kifua kikiwa bado na bandeji, anatazama. Nadhani alifikiri ni kwa muda tu.

Kuanzia hapo, mtu aliyekuwa akiwafokea watu kutwa nzima wasichungulie, nyumbani kwake akawa hana kazi nyingine ila kuchungulia. Akifika tu anamgeuza kaka viganja, mbele na nyuma. Anamnusa kola ya shati kama ina vumbi la mbao. Anampandisha suruali aone kama kuna alama ya bluu kwenye miguu. Anatikisa kichupa cha dawa na kutega sikio. Kitandani naye, nimeambiwa na kaka mwenyewe, analala ameegemea mto, macho wazi, anasikiliza ile tik, tik, na kaka akigeuka ikasikika tofauti, anamwamsha kumwuliza kama ni mzima.

"Nilikuwa mzima mpaka uliponiamsha," kaka alikuwa akimjibu, na asubuhi wote wawili wanakunywa chai wakiwa na macho mekundu.

Sasa mtu aliyezoea kuamka na kupiga randa, ukimweka kwenye kochi anafanya nini? Kaka alivipanga vikombe, mikono yote ikaelekea upande mmoja. Aligombana na redio. Alikaza bawaba za milango yote, na kwa kuwa bisibisi zilikuwa zimefungiwa, alitumia visu vya jikoni, hadi vyote vikapinda ncha na kufa makali. Alipoomba apewe walau kile kinoo avinoe, wifi alimwuliza kinoo cha nini, anataka kunoa ili akate nini. Alikuwa anakonda. Si kukonda kwa mgonjwa, maana daktari alisema moyo uko sawa. Alikonda tu, kama shati linalofuliwa kila siku na halivaliwi.

Ule ufunguo nao ulikuwa unatoboa mfuko. Nikaushona, ukatoboa tena. Mara ya tatu wifi aliponiletea lile gwanda, nilikuwa na nguo za watu zimerundikana, na uvumilivu wangu ulikuwa umeniishia.

"Wifi, huu ufunguo utaila nguo yote."

"Shona tu."

"Mrudishie kaka yangu ufunguo wake. Nguo itapona, na yeye atapona."

Alikuwa amesimama mlangoni kwangu, kaegemeza bega kwenye fremu kwa sababu kusimama bila kuegemea kulikuwa kumemshinda.

"Wewe umeshaiona damu isiyotaka kusimama?" akaniuliza. "Mimi nimeiona. Unabonyeza, unaongeza, unabonyeza, mpaka mikono yako inatetemeka, na bado inakuja. Yule hakuwa mtu wangu, na mpaka leo namwota. Sasa unataka nije niibonyeze ya huyu?"

"Anakufa taratibu kwenye kochi, na wewe unaona."

"Wa kwenye kochi nampata nikirudi," akasema. "Shona, wifi. Nimechoka."

Nikashona. Nilimwonea hasira na huruma kwa mpigo, na hasira ndiyo iliyokuwa nyingi, kwa sababu yule ni kaka yangu. Niliweka kiraka cha turubai, nikajisemea moyoni haya, toboa na hilo.

Katika zile siku, hospitali walikuwa wamepata shashi ya aina nyingine, iliyofungwa kwenye pakiti za kung'aa, moja moja. Ukiishika kavu haina tofauti kubwa na ile ya kawaida, nzito kidogo tu. Lakini ikikutana na damu inainyonya, inavimba, na kugeuka kitu kinachoteleza na kunata kama ute wa yai, kisha inang'ang'ania kwenye kidonda na kuigandisha damu hata ya mtu anayekunywa dawa kama za kaka. Daktari wake alimwandikia pakiti moja ya kukaa nayo nyumbani kwa dharura. Kaka aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma pande zote, akaiweka kwenye kabati la vioo, nyuma ya vikombe vya wageni.

"Huko ndiko utakakoitafuta siku ukikatika?" nikamwuliza.

"Hiyo ni ya ajali kubwa," akasema. "Haichezewi."

Basi siku yenyewe ikafika, alasiri tu, jua likiwa bado kali. Nilikuwa nashona suti ya mteja mkali, nikasikia kaka ananiita kutoka jikoni. Hakupiga kelele. Aliniita kama mtu anayetaka kuazima kiberiti.

"Mdogo wangu. Hebu njoo na kitambaa."

Nilijua. Sijui nilijuaje. Nikakamata kipande cha kwanza kilichokuwa mkononi, nikakimbia. Kaka alikuwa amesimama mbele ya sinki, mkono wa kushoto ameuinua juu ya kichwa, wa kulia umekifumbata kiganja chake, na damu ilikuwa imeshafika kwenye kiwiko. Alikuwa amekatika kwenye ile nyama kati ya dole gumba na kidole cha shahada, pakubwa. Mezani kulikuwa na boga limepasuliwa upande mmoja tu, na kisu kimelala kando yake.

Nikamfunga kile kipande. Damu ikateleza juu yake na kudondoka sakafuni kama maji juu ya jani. Ndipo nikaona nimemletea bitana ya ndani ya koti, ile ya hariri ya bandia, laini, inayong'aa, isiyonyonya hata jasho.

"Unanishonea koti?" kaka akasema, midomo imeanza kupauka. "Lete taulo."

Nikamletea taulo la pamba, nikamkalisha sakafuni akiwa ameegemea kabati, akalibonyeza mwenyewe. Nikampigia simu wifi, haikupokelewa. Yule huiacha simu chini kabisa ya mkoba. Nikampigia jirani mwenye pikapu ya milango minne, tunayemwita Taratibu kwa sababu ya anavyoendesha, akasema anakuja, ila yupo upande wa pili wa mji. Nikaulaani upande wa pili wa mji. Kaka alikuwa amefumba macho, amebana, anavuta pumzi kwa puani. Taulo lililowa kwa juu, nikaongeza jingine, kisha halikulowa zaidi, au lililowa polepole sana. Nilianza kujipa moyo. Ile tik, tik yake ilikuwa inasikika jikoni kote.

Hapo ndipo wifi alipoingia. Nilisikia viatu vikivuliwa mlangoni, kimoja, kisha kimya. Alikuwa ameona matone kwenye korido. Akaja na kiatu kimoja mguuni.

Sijawahi kumwona mtu akibadilika sura vile. Hakuniuliza kitu, wala hakumwuliza kaka. Alipiga magoti, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili, yeye, Sista Usichungulie mwenyewe, na akayafunua yale mataulo yote mawili kwa mara moja ili aone.

Likatoka bonge la damu lililokuwa limeshikana na pamba, na nyuma yake damu nyingine mbichi, ikimrukia kwenye gwanda.

Alibaki ameduwaa, taulo mkononi.

"Sista," kaka akasema kwa sauti ndogo, "usichungulie."

Wifi akaniangalia. "Ile pakiti," akasema. Nikakimbilia kabati la vioo, vikombe vya wageni vikagongana, kimoja kikaanguka na kuvunjika sikio, hakuna aliyejali. Akairarua kwa meno. Akaisukuma ile shashi ndani kabisa ya kidonda, kaka akaguna, wifi akatoa ya kawaida kwenye mkoba wake akaiweka juu yake, kisha akalalia kwa viganja vyote viwili, uzito wa mwili wake wote. Akanitajia dakika za kungoja na kuniambia nimtazamie saa.

Tukangoja. Ni kitu cha ajabu kumwokoa mtu kwa kukaa kimya. Unatamani kufanya kitu chochote, kukimbia, kumwaga maji, kuita watu, na kumbe kinachotakiwa ni kubonyeza na kutulia. Jasho lilikuwa linamchuruzika wifi kwenye kidevu. Mikono yake ilianza kutetemeka kuanzia mabegani. Nikaona vidole vyake vikisogea, kimoja kikitafuta ncha ya shashi, kikiinua kidogo tu.

"Gundi haijashika," kaka akasema. Alikuwa bado amefumba macho. "Umeshabana ubao, usilegeze jiriwa."

Kidole kikarudi. Kisha wifi akaanza, kwa sauti kavu:

"Uliingiaje karakana?"

"Sikuingia."

"Usinidanganye. Nakuuliza uliingiaje."

"Ufunguo si unao wewe."

Wifi akauangalia mfuko wake, kile kiraka changu cha turubai, kama vile hakuwahi kuuona.

"Sasa hii ni nini?"

"Ni boga," kaka akasema. "Nilitaka ukirudi ukute chakula. Jana ulilala na kijiko mkononi."

Wifi akaligeukia boga pale mezani. Akakitazama na kisu, chenye ncha iliyopinda.

"Kisu hiki hakikati hata mkate," akasema.

"Ndiyo maana. Cha makali kinazama kinapotaka fundi. Hicho unakisukuma kwa nguvu, kinateleza, kinakwenda kinakotaka chenyewe."

"Si ungekinoa."

Kaka hakujibu. Nilijua hatajibu, maana si mtu wa kumsukuma mwenzake aliyekwisha kuyumba. Mimi nilikuwa na jibu tayari ulimini, na lilikuwa kali, lakini nilimwona wifi analipata mwenyewe. Lilimwingia polepole. Kinoo kilikuwa kwenye karakana, karakana ilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulikuwa umelala kwenye paja lake.

Akaanza kulia. Hakuwa na mkono wa kujipangusa, kwa hiyo machozi yalifika kidevuni yakaungana na jasho.

"Nimechoka," akasema. "Mimi nimechoka. Kazini nabonyeza, hapa nabonyeza. Nikilala nakusikiliza. Siku ukinyamaza nitajua, lakini hata usiponyamaza silali. Sijui nifanye nini tena na wewe."

"Najua," kaka akasema.

"Hujui."

"Najua, mke wangu. Na mimi nimechoka kuchunguzwa."

Hawakuwahi kuambiana maneno hayo, nina hakika, maana zile kuta naishi nyuma yake. Nilitaka kutoka niwaache, lakini nilikuwa nimepewa saa ya kutazama. Nikaitazama. Dakika zake alizotaja zilikuwa zimepita, nikamwambia, akasema tuongeze. Hakuinua ncha.

Nje ikasikika honi ya Taratibu, kwa mbali bado, huko kwenye kona.

"Mfuko wa kulia," wifi akasema.

Kaka akafumbua macho.

"Chukua. Mimi siwezi kuachia."

Kaka akautumbukiza mkono wake mzima kwenye mfuko wa mkewe. Akatoa mkasi, akauweka sakafuni. Akatoa plasta. Kisha akatoa ufunguo, akaushika, hakuuangalia, akaufumba kwenye kiganja, na hivyo ndivyo tulivyompakia kwenye pikapu, mkono mmoja umebanwa na mkewe na mwingine umebana ufunguo. Njia nzima Taratibu aliendesha kama siku zote. Wifi hakumhimiza. Alikuwa amepiga magoti kati ya viti, kiatu kimoja mguuni, na hakuwa anaangalia mikono yake. Alikuwa anaangalia dirishani.

Hospitali walimshona. Walipima damu wakaikuta nyepesi kupita kiasi, wakapunguza dawa, wakamwambia arudi apimwe tena. Aliyemfunga kidonda alikuwa muuguzi wa chumba kingine, binti mgeni, na alipomaliza alimwonya kaka asifunue kuangalia. Kaka akamjibu kwamba hilo analijua, ameoa.

Kidonda kilipofunga walikubaliana mambo yao, sikushirikishwa, niliona tu. Msumeno wa umeme uliuzwa. Mlango wa karakana haufungwi akiwa ndani. Pakiti nyingine ya ile shashi inaning'inia kwenye msumari pale pale juu ya meza ya kazi, haipo tena na vikombe vya wageni. Kitu cha kwanza alichofanya kaka kilikuwa kunoa visu vyote vya jikoni, na vyangu, na mikasi yangu, hadi nikaanza kuiogopa. Wifi hamgeuzi tena viganja. Mara chache namwona akianza, mkono unakwenda, halafu anauelekeza kwenye kitu kingine, anamkung'uta vumbi begani.

Sisemi amepumzika. Yule mwenzake wa kazini hajapatikana mpaka leo, na viatu vinagombana mlangoni kila jioni.

Lakini Jumapili moja alikuwa nyumbani, amekaa kwenye ngazi ya uani, kaipa karakana mgongo, miguu ameitandaza juani. Mimi nilikuwa nashona hatua chache kutoka pale. Randa ilikuwa inakwenda, shaa, shaa, shaa, na wifi alikuwa amefumba macho. Kisha randa ikanyamaza.

Wifi akafumbua macho. Nami nikaondoa mguu kwenye cherehani. Tukasikiliza. Hakuna kitu. Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa kulia, ukakuta mtupu, ukabaki humo.

"Nikamwangalie?" nikamnong'oneza.

Aligeuza shingo nusu kuelekea karakana, akairudisha.

"Kaa," akasema.

Tukakaa. Kisha kutoka ndani ya kile kibanda ikaja sauti nyingine, ndogo, ya chuma juu ya jiwe, polepole, kwenda na kurudi. Alikuwa ananoa. Wifi akakiegemeza kichwa ukutani, na kabla sijarudisha mguu kwenye cherehani alikuwa ameshalala, mdomo wazi, pale pale kwenye ngazi.